Mlingoti Uliokuja Bila Hodi

Mwaka ule ndio mwaka tuliofuturu bila sambusa. Mafuta ya kupikia yalikuwa hayashikiki, unga wa ngano ukawa wa kuulizia bei na kurudi nyumbani mikono mitupu, na mji wa Amu, wakubwa kwa wadogo, ukarudia mkate wa mofa na mihogo ya nazi kama walivyofuturu mabibi zetu. Watoto walinuna. Mimi sikununa. Mofa naipenda, na tanuri yangu ya udongo ilikuwa nzima, sikuivunja kama wenzangu waliosema yaleta moshi na uzee. Mwezi ule wa Ramadhani, wale wale waliokuwa wakinicheka walikuja na unga wao wa mtama kwenye masahani, wakiomba nafasi tanurini. Niliwapa. Niliwacheka kwanza, kisha nikawapa.

Nautaja mwaka kwa chakula kwa kuwa tarehe hunipotea. Chakula hakinipotei. Na baada ya Idi ya mwaka huo wa mofa ndipo mjukuu wangu mwenyewe, niliyemlea kwa mikono yangu, aliponiletea mlingoti wa mtandao yuu ya nyumba yangu. Wako watu mjini hapa wanaosema mimi ndiye niliyemwangusha mjukuu wangu kazini. Wasemea barazani, wasemea harusini wakinikata jicho. Nawasikia, masikio yangu hayajazeeka. Haya naandika ili na wao wasikie.

Mimi nimesoma chuo nikahitimu Kurani, na skuli nilifika darasa la tatu, nikatolewa kwa kuwa mchumba ameshapatikana. Kwa hiyo mtu akiniuliza kazi ya mjukuu wangu, humweleza kwa ninavyoielewa. Yeye ni mhandisi wa mitandao. Kompyuta moja ikiwa Mombasa na nyingine Nairobi, zataka kusemezana, yeye ndiye afanyae zisemezane. Waya zipite wapi, mlingoti usimame wapi, sahani ya kunasia mawimbi ielekee wapi. Hiyo ndiyo kazi aliyoanza nayo.

Na alianzia hapa kwangu. Mama yake, binti yangu, aliolewa Pate, akaniachia mtoto asome mjini. Marehemu mume wangu alikuwa na redio kubwa ya mbao isiyoshika kitu ila ukiipandishia waya darini, yuu kabisa ya paa. Nyumba yetu ndiyo ndefu kupita zote za mtaa. Ukiwa yuu yake waona nyua za watu kama unaangalia ndani ya masufuria. Mtoto yule, meno ya mbele hayajaota vizuri, alikuwa akipanda na waya kila alasiri, anaufunga huku, anaufunga kule, na mume wangu yuko chini anapiga kelele, "Hapo! Hapo hapo! Ah, umeipoteza!"

Lakini hakupanda hivi hivi. Kwetu, anayekwea kokote, awe mkwezi wa mnazi au fundi wa paa, hupiga hodi kwanza. Husimama chini, akapaza sauti: "Hodi yuu! Nakwea!" Kisha hungoja. Kwenye nyua wanawake wako vichwa wazi, wengine wanaoga, wengine wamelala na vitenge vimewatoka. Wakisha kujisitiri, sauti mojawapo humjibu, "Kwea!" Au humjibu, "Ngoja!" Akijibiwa ngoja, hungoja, hata kama jua lampasua utosi. Asipojibiwa kabisa, huenda zake akarudi baadaye. Mjukuu wangu alikuwa mtoto wa kike tena mdogo, hakuwa na haja ya hodi. Mimi nilimlazimisha. Nilimwambia hata paka, kama angekuwa na ulimi wa maneno, ningempigisha hodi.

Basi akakua akipiga hodi. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ambaye nitamtaja sana hapa, alikuwa akimjibu kwa utani, "Ngojaa! Nakuna mgongo!" na mtoto anangoja kweli, waya mkononi.

Alipokwenda Nairobi kusomea hizo kompyuta, maneno yalinijia mpaka jikoni. Alipopata kazi ya kupanda milingoti ya simu huko bara, yakaja zaidi. Jirani yangu huyo huyo akaja asubuhi moja, ameshika kiuno.

"Bi, mjukuu wako kaonekana kwenye picha. Yuko yuu ya mlingoti, kavaa suruali."

Nikamwambia, "Ulitaka akwee na buibui lipepee kama tanga?"

Akaondoka anacheka, akitaka asitake.

Baadaye aliacha milingoti. Hakuacha kwa kuogopa. Aliacha kwa hasira. Alikuwa amekwenda Mbwajumali, kisiwani Pate, kwa msiba, akakuta watu wanapanda kwenye tangi la maji la skuli ili wapate kumpigia simu daktari. Alirudi kwangu na uso umekunjamana. Akasema, "Bibi, mafundi tunao, vyombo tunavyo. Anayeamua mlingoti usimame wapi ndiye hajapata kufika Mbwajumali." Basi akaingia huko wanakoamua. Wenyewe wanaita sera. Ni kazi ya kukaa kwenye mikutano na kuandika masharti: kampuni gani ipitishe waya wapi, nani aachwe na nani asiachwe, nani aruhusiwe kujua nini cha mwenziwe. Akawekwa kwenye kamati Nairobi, msichana wa Amu kati ya wanaume wa tai. Watu wakaniuliza, sasa anafanya nini, hashiki hata bisibisi? Nikawaambia anakaa na watu wakubwa anawazuia wasifanye upumbavu. Hiyo ni kazi ngumu kuliko mlingoti.

Na msidhani ni mtu wa kompyuta tu. Mtoto yule ana mambo kumi. Kofia za vito, zile za kushona matundu kwa sindano, nilimfundisha mimi, na mpaka leo hushona. Husema kwenye mikutano mirefu yeye hushona chini ya meza, na kofia aliyoishona siku za mabishano ya kodi ya waya ilitoka ya matundu madogo kuliko zote. Babu yake alikuwa mtu wa Matondoni, akamfundisha kutia kalafati, kule kugongomea pamba kwenye nyufa za chombo ili maji yasiingie. Mafundi walimkataza, mume wangu akawaambia mkono hauna ndevu. Siku hizi anaamka alfajiri Nairobi kwenda kwenye mabwawa kuangalia ndege wa mwituni kwa darubini. Nikamuuliza, ukishawaona wawafanya nini? Akasema, hakuna bibi, nafurahi tu. Nikaona haya ni mambo ya mtu ambaye moyo wake haujabanwa, nikamwacha. Ila mwaka mmoja alitaka kunifundisha kula uyoga. Huo niliwatupia kuku, na kuku nao wakaukataa.

Sasa nirudi kwenye mwaka wa mofa.

Alikuja kabla ya Ramadhani na mpango. Kamati yake ilikuwa imekubali kujaribu mtandao wa visiwani: mlingoti mmoja hapa mjini, mwingine Matondoni, kisha urushwe mpaka Pate na Mbwajumali. Vyombo vingeletwa na kampuni moja ya Nairobi. Nyumba iliyofaa hapa mjini ilikuwa moja tu, kwa urefu wake. Akakaa mbele yangu, akanishika magoti kama mtu anayeposa.

"Bibi, naomba dari lako."

Nikamwambia, "Dari ni lako tangu una meno mawili. Chukua."

Nilikubali mlingoti na sahani yake. Hilo silikani. Nilikubali kwa furaha na nikawatangazia watu mpaka sokoni.

Mafundi walikuja wiki ya pili baada ya Idi, vijana wawili wa bara, wapole, wenye adabu zao. Walipiga hodi mlangoni, nikawakaribisha, nikawapa kahawa. Kwa kuwa walipiga hodi mlangoni nilidhani watapiga na darini. Mjukuu wangu alikuwa barazani na bwana wa kampuni, wanazungumza kwa Kiingereza na simu iko katikati yao. Mimi nikarudi kukanda unga. Wale vijana wakapanda ngazi kimya kimya na viatu vyao vya mpira.

Kelele niliyoisikia sitaisahau. Jirani yangu alikuwa uani kwake, kifua wazi, kichwa kimejaa povu la sabuni, na binti yake aliyetoka kujifungua yuko kando anakandwa maji ya moto. Aliinua uso ili amwage maji, akakutana na vichwa viwili vya wanaume mbinguni. Akarusha kata ya kuogea. Ile kata ilipita ukuta ikaangukia dari langu, na nilipofika yuu, unga mikononi mpaka viwiko, mmoja wa vijana alikuwa anaiokota aniletee.

"Shosho, pole sana," akasema, shosho kwao ni bibi. "Sisi hatukuangalia."

"Kama hamkuangalia mmejuaje kuna mtu?"

Akanipa kata. Kijana wa watu, hakuwa na kosa. Kwao hawana nyua. Nilikuwa tayari kuwasamehe na kuwafundisha, wapige hodi, kazi iendelee. Lakini nikaona kitu. Mlingoti ulikuwa umelazwa chini, na kwenye ncha yake, karibu na sahani, pamefungwa kidude cheusi cha duara, kama kikombe cha kahawa kilichofunikwa.

"Hiki nini?"

"Kamera, shosho. Ya usalama."

"Yaona wapi?"

"Pande zote."

"Na usiku?"

"Hata usiku, shosho. Ni ya kisasa."

"Hushuka lini?"

Wakatazamana, wakacheka kidogo, si kwa dharau. "Haishuki, shosho. Inakaa tu."

Hapo ndipo nilipoona sawasawa ninacholetewa. Ni mkwezi asiyepiga hodi, asiyeshuka, asiyelala, ayaonaye yote, na mimi ndiye mwenye nyumba aliyokwea. Kila mwanamke wa mtaa huu ataoga chini ya macho yake mpaka nife, na nikifa ataendelea. Nikawaambia washuke na mlingoti wao. Hawakubisha. Waliubeba ule mlingoti kwenye ngazi zangu nyembamba kama wanatoa jeneza.

Mjukuu wangu akaja mbio. Nikamwonyesha kile kidude. Alikuwa anajua kipo. Alisema kilikuwa kwenye mkataba, yeye alidhani kitaelekezwa gatini kwenye mizigo.

"Na hodi?" nikamuuliza. "Hukuwaambia wapige hodi?"

Aliutazama ua wa jirani, povu bado liko sakafuni.

"Nimesahau, bibi."

Hilo neno liliniuma kuliko kamera. Mtoto niliyempigisha hodi akiwa na meno mawili.

Zikafuata siku za kubembelezwa. Bwana wa kampuni alikuja na boksi la haluwa aliyoinunua dukani hapa hapa, nyuma ya nyumba yangu, akaniletea kama zawadi ya safari. Alikuwa mtu wa maneno laini. Aliniita Bi, akaketi chini kama mtu wa nyumbani. Akaeleza wafadhili wanataka kamera, serikali inataka usalama, bila kamera hakuna mlingoti, bila mlingoti hakuna mtandao. Nikamwambia haluwa ni nzuri, ahsante, na mimi sitaki. Akasema hiyo kamera haina mtu nyuma yake, ni mashine tu. Nikamuuliza, mashine inaona kwa ajili ya nani? Akasema picha zinahifadhiwa. Nikamwambia basi mtahifadhi na povu la jirani yangu.

Nilidhani jirani angekuwa upande wangu. Siku tatu hazijapita akaja, kichwa kimefungwa kanga, akasema kwa sauti ya chini, "Bi, wakubalie."

"Wewe? Wewe uliyeonwa?"

"Mwanangu yuko Uarabuni. Akinipigia, uso wake wakatika vipande vipande, sauti yaja kesho yake. Mwezi mzima sijamwona akicheka. Hiyo kamera nitaivumilia. Nitaweka turubai yuu ya ua."

"Uishi chini ya turubai kama samaki wa sokoni?"

"Nitaishi," akasema. "Nataka kumwona mwanangu."

Nampenda mwanamke yule. Nilimpikia mofa akaenda nayo, na hakurudia tena kuniomba, lakini kila nilipomsikia ukutani akisema "Haloo? Haloo? Wanisikia?" nilijua nani anayemfanya aseme hivyo.

Mjukuu wangu alinijia alasiri, tukakaa kwenye mkeka chini ya makuti ya dari. Alikuwa na kofia yake ya kushona. Ndiyo dawa yake. Mkono ukiwa na sindano, ulimi hutulia.

"Bibi, nikwambie ukweli?"

"Sema."

"Mradi huu ukianguka, wataniondoa kwenye kamati. Watasema kashindwa nyumbani kwao, sasa ataweza wapi? Ni miaka yangu yote ile."

"Wewe wataka nini?"

"Nataka mtandao ufike Mbwajumali. Nataka wasipande tangi la maji."

"Bila kamera, mimi niko tayari hata kesho."

"Bila kamera hawaleti."

"Basi waambie mwenye nyumba hataki."

Sindano ikamchoma. Akainyonya damu, akaniangalia kwa macho ya mama yake akiwa amekasirika. "Kila nilipotaka kitu ulinitetea. Suruali, mlingoti, Nairobi. Mji mzima ulikuwa upande ule na wewe upande huu pamoja na mimi. Hiki kimoja tu, bibi. Kimoja tu, waninyima."

Nikamwambia, "Yale yalikuwa ni mwili wako, nikakutetea. Hii ni miili ya watu. Sina haki ya kuigawa, wala wewe."

Akakunja kofia, akashuka. Hakulala kwangu siku ile. Alikwenda Matondoni kwa jamaa za babu yake, na nilisikia alishinda chini ya chombo kilichopandishwa mchangani akigonga kalafati, nyundo kwa patasi, mpaka fundi akamwambia, "Mwanangu, ufa umejaa, sasa wapiga mbao." Alirudi mikono inanuka mafuta ya papa, akala wali, akaniosha miguu kabla sijalala kama afanyavyo tangu mdogo. Hakusema amekubali wala hakusema amekataa.

Mkutano ukaitishwa kwenye ukumbi wa skuli. Meza ya mbele alikaa ofisa wa serikali, mtu wa bara, na bwana wa kampuni, na kando yao mjukuu wangu na kompyuta yake. Kina mama tulikaa mkekani. Ofisa alisema vizuri. Alisema Amu isibaki nyuma. Alisema tangazo litabandikwa kwenye kila kona ili kila mwananchi ajue kamera ipo, kwa hiyo hakuna atakayesema hakuarifiwa. Watu wengine wakapiga makofi. Kijana mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Shosh akubali bana, tunataka bando!" Watu wakacheka.

Nikasimama. Magoti yangu hayapendi kusimama lakini yalisimama. Nikamuuliza ofisa, "Bwana, nikibandika tangazo mlangoni kwako kwamba usiku nitaingia chumbani mwako, niingie?"

Watu wakacheka tena, safari hii na yeye akacheka. Akasema, "Bi, hiyo si sawa na hii."

"Ni sawa. Mkwezi hapigi hodi kisha akakwea. Hupiga hodi kisha akangoja. Kazi ya hodi ni jibu. Hamjaniuliza mkangoja jibu, mmeniletea habari tu. Sasa jibu langu hili hapa, mliandike." Nikalisema polepole ili waandike, nikaona mjukuu wangu ameinua uso. "Yuu ya nyumba yangu hakikwei kitu kisichopiga hodi na kungoja jibu. Nimekataa, na kesho niulizeni, nikatae tena."

Ofisa akageukia upande wa mjukuu wangu, akatabasamu kama mtu aliyeshaona mlango wa kutokea. "Mhandisi, huyu ni bibi yako. Hebu mshauri."

Yule mtoto asubuhi nzima alikuwa amezungumza Kiswahili cha vitabuni na Kiingereza. Alisimama, akafunga kompyuta yake, akasema kwa Kiamu cha nyumbani, mpaka wale wa bara wakatega masikio: "Nyumba ni yake. Ameulizwa, amejibu. Na mafundi ni mimi niliyewaleta, ni mimi niliyesahau kuwaambia wapije hodi. Kosa ni langu, si la bibi yangu. Mimi siwezi kuandika sharti Nairobi ambalo nyumbani kwetu halipandi ngazi."

Akaketi. Jirani yangu, pale mkekani kando yangu, alikuwa analia. Sijui alimlilia nani, yeye, au mwanawe, au mimi. Sikumuuliza.

Basi waliyosema watu ni kweli nusu. Mradi haukuwekwa. Bwana wa kampuni akaondoka na mlingoti wake kwa boti. Mjukuu wangu akaondolewa kwenye kamati, wakampa maneno mazuri ya kumshukuru kwa utumishi. Alikaa kwangu muda mrefu, anatengeneza mitandao ya mahoteli ya Shela, jioni anashona kofia. Mjini wakasema, haya, mtoto wa watu kasoma mpaka kaota mvi, na bibi yake kamrudisha jikoni. Wengine walikuja kuniambia usoni. Mmoja aliniambia, "Bi, ungekubali tu, angekuwa waziri." Nikamjibu, angekuwa waziri wa kuchungulia. Akaenda zake.

Sikujuta. Naandika tena msije mkasema nimepitiwa: sikujuta hata siku moja. Niliona uchungu, hilo ni jambo lingine. Nilikuwa namwona amekaa barazani ameshika darubini anaangalia kunguru, kunguru jamani, kwa kukosa ndege wa maana. Lakini mtu akiniuliza ningefanya vingine, ningemrushia kata.

Kisha wakamwita. Si wale wa kwanza, ni wengine, waliokuwa wanaandika upya masharti ya mitandao ya visiwani. Walikuwa wamesikia habari ya mkutano wetu. Sijui nani aliwapelekea. Akarudi Nairobi na kofia yake nusu imeshonwa. Alibishana nao, walimpunguzia maneno, wakamkatia hiki na kile, anasema alichotaka ni kikapu na alichopata ni kiganja. Lakini kiganja hicho anacho. Katika masharti ya mradi ule mpya pana sharti moja: kitu chochote chenye jicho kisisimamishwe yuu ya makazi ya watu mpaka wenye makazi waulizwe mdomo kwa mdomo, wajibu, na wasipojibu ihesabike wamekataa. Na waulizwe tena kila mwaka, kwa kuwa watu hubadilika. Wenziwe kwenye kamati wanaliita sharti la hodi. Nilipoambiwa nilikwenda kujifungia chooni nikalia, kisha nikatoka nikamwambia jirani ni vitunguu.

Mbwajumali wamepata mlingoti. Umepelekwa kwa ndia nyingine isiyopita mjini, kupitia Matondoni, una sahani tupu, hauna jicho. Tangi la maji sasa ni la maji. Huku mtaani kwangu ndiko mtandao bado unakokwama, kwa sababu wenye mlingoti wa mjini wanataka kamera yao na mimi ndiye mwenye nyumba ndefu. Jirani bado anasema haloo haloo. Mwanawe akimwonyesha mjukuu mchanga, yeye huona pua leo na jicho kesho. Alinigombeza mwezi uliopita kwa ukali kabisa, nikamwacha anigombeze. Ana haki hiyo.

Mwaka huu mafuta yamepatikana, tumefuturu kwa sambusa za nyama mpaka tumezichoka. Na baada ya Idi yule ofisa amekuja, kama masharti yanavyomtaka. Alisimama mlangoni, akapiga hodi, akangoja. Nilikuwa jikoni nikamwachia angoje kidogo, kwa makusudi. Kisha nikamkaribisha, nikamwekea kahawa na sambusa tatu za jana.

Mjukuu wangu alikuwa kwenye simu kutoka Nairobi, nimeiegemeza kwenye birika. Picha ilikuwa imekwama, mdomo wazi, kama samaki, lakini sauti yake ilikuwa ikija.

Ofisa akatoa mfukoni kidude kidogo, si kikubwa kuliko kokwa ya tende. "Bi, teknolojia imekua. Angalia udogo wake. Hata njiwa hatakiona."

"Kidogo hivyo, ndiyo kibaya zaidi."

"Lakini Bi, safari hii nimepiga hodi."

"Wewe umepiga hodi, na ndiyo maana unakunywa kahawa yangu. Hicho ulichokishika, kimepiga?"

Akacheka, akakirudisha mfukoni. Ni mtu mzuri yule. Akatoa kalamu, kwa kuwa lazima aandike, akasema, "Haya Bi, nakuuliza rasmi, wakubali au wakataa?" Upande wa pili wa ukuta nikasikia jirani ameacha kupiga deki, amesimama anasikiliza. Kwenye simu mjukuu wangu akasema, "Mwambie polepole bibi, aandike vizuri."

Nikamwambia polepole.

"Yuu ya nyumba yangu hakikwei kitu kisichopiga hodi na kungoja jibu. Nimekataa, na kesho niulizeni, nikatae tena."